Mifuko chini ya macho: kisu hakifuti weusi

SWALI: Daktari, nina miaka 47, nafundisha shule ya msingi Jinja. Mifuko chini ya macho inanifanya nionekane kama niliyelia usiku kucha, na weusi juu yake. Nataka kufanyiwa operesheni kabla ya kwanjula ya binti yangu, sherehe ya kumtambulisha mchumba wake kwetu, wiki sita zijazo. Nitapona lini? Dada mmoja wa saluni ananiambia niachane na kisu, ana sindano ya kuyeyusha mifuko kwa siku moja.

JIBU: Mwalimu, tuanze na weusi, maana ndio unaonijazia wagonjwa walionuna baada ya operesheni iliyokwenda vizuri kabisa. Mifuko na weusi si shida moja. Mfuko ni mafuta yanayolizunguka jicho; utando unaoyazuia ukilegea, kwa umri au kwa kurithi, yanatokeza mbele. Weusi mara nyingi ni rangi ya ngozi yenyewe, hasa kwa mtu mwenye mzio anayefikicha macho kila vumbi linapopanda. Daktari anapunguza mafuta au kuyapanga upya. Rangi inabaki palepale.

Jipime. Simama mbele ya kioo, kichwa kisisogee, inua macho utazame dari: uvimbe ukizidi kutokeza, hayo ni mafuta. Kisha mtu akumulike usoni kwa tochi ya simu. Weusi unaofifia ulikuwa kivuli cha mfuko, na huo operesheni itaupunguza. Usiofifia usimdai daktari wa upasuaji. Na kama unaamka umevimba macho na miguu pia, pima figo na thairoidi, tezi ya shingoni, kwanza.

Wiki sita zinatosha, ila usizipunguze. Mkato ukipita ndani ya kope, kovu la nje halipo. Ikibidi kupunguza ngozi, unapita chini kidogo ya nywele za kope, na nyuzi hutolewa baada ya siku 5 hadi 7. Uvimbe na damu iliyovilia hukaa wiki moja hadi mbili, macho yakiwasha na kutoa machozi. Kitambaa baridi siku mbili za mwanzo, mito miwili kitandani, na jerikeni abebe mwingine kwa wiki mbili au tatu. Uvimbe mdogo wa mwisho huchukua miezi, lakini kwenye picha hautaonekana. Kama unatumia aspirini, mwambie daktari mapema, usiiache kienyeji.

Jambo moja halingoji asubuhi: maumivu makali, jicho kusukumwa nje, au kuona kufifia, hasa katika saa 24 za kwanza. Hiyo huenda ni damu inayojikusanya nyuma ya jicho. Panda boda usiku huohuo urudi hospitali.

Sasa huyo wa saluni. Muulize ndani ya bomba kuna nini. Kama ni dawa ya kuyeyusha mafuta, chini ya jicho si mahali pake. Kama ni ya kujaza mashimo, ikiingia kwenye mshipa wa damu inaweza kurudi hadi jichoni na kuleta upofu wa ghafla, ambao mara nyingi hauponi. Muulize pia kama jina lake limo katika rejista ya baraza la madaktari. Atacheka, na jibu utakuwa umelipata.

Lakini sindano bado ni ya wachache. Mkorogo ndio wa kila nyumba. Wanawake wanapaka chini ya macho, asubuhi na jioni, krimu zilizotiwa klobetasoli, dawa kali ya jamii ya steroidi, wakifukuza weusi uleule. Mwanzoni ngozi inang'aa. Baadaye inakuwa nyembamba hadi mishipa inaonekana, na dawa inapenya jichoni: presha ya jicho inapanda bila maumivu, au mtoto wa jicho anaanza kabla ya umri wake. Wanakuja kliniki kutafuta miwani ya kusomea, kumbe mshipa wa fahamu wa jicho umeshaharibika na hawaoni vizuri pembeni. Matone ya dawa hulinda kilichobaki, kilichopotea hakirudi.

Kwa hiyo yeyote aliyepaka krimu ya namna hiyo kwa miezi, awe na mifuko au asiwe nayo, apimwe presha ya macho. Ni dakika chache tu. Nawe, kama umewahi kuipaka, ukienda kuonana na daktari wa macho beba tyubu yenyewe, hata kama lebo imebanduliwa, na usimfiche umeipaka tangu lini.