Usiskani negativu za rangi kwa biti 8

Simama hapohapo! Una mamia ya negativu za rangi za familia, zile filamu zenye picha iliyogeuzwa rangi, unataka kuziskani kwa biti 8 na kuzihifadhi kama JPEG ili diski isijae, halafu unauliza dpi ngapi (nukta kwa kila inchi) na vumbi uliondoeje. Nilipofika kwenye biti 8 sikuweza kuendelea kusoma.

Mimi nilifanya hivyohivyo, kila usiku kwa miezi minne, na negativu za harusi ya wazazi wangu zilikuwemo. Aliyeniuzia skana alinihakikishia kwamba ngazi 256 za mwanga kwa kila rangi, yaani biti 8, zinatosha, biti 16 ni kujaza diski bure. Hadi leo nina hasira naye. Zinatosha kwa picha iliyokamilika! Negativu bado haijawa picha, na hilo hakulisema.

Negativu ya rangi ina kontrasti ndogo, tena imefunikwa na ule urangi wa chungwa. Ukiiskani kama ilivyo, toni zake zinabanana kwenye kipande kimoja cha histogramu, ile chati ya ngazi za mwanga kutoka weusi hadi weupe. Kwenye zangu, bluu ilikalia ngazi kama 70 tu kati ya 256. Ukiigeuza kuwa chanya lazima uzivute hizo 70 zienee kutoka weusi hadi weupe, na hapo hakuna ngazi mpya inayozaliwa, zilizopo zinaachana tu. Histogramu ikabaki na mapengo kama kitana. Anga nyuma ya bwana harusi ikakatika mapandemapande, na shavuni mwa mama, pale kivuli kilipotakiwa kuyeyuka taratibu, kukatokea mabaka ya kijani.

Biti 16 zina ngazi 65,536. Kipande kilekile kingekuwa na karibu 18,000. Hata skana inayopima biti 14 tu kwa ndani ingekupa zaidi ya 4,000 hapo.

Utaambiwa programu ya skana inageuza yenyewe kwa biti nyingi kabla ya kutoa faili la biti 8. Baadhi hufanya hivyo, lakini basi rangi imeshaamuliwa na programu, na ukitaka kuirekebisha sana unarudi kwenye mapengo yaleyale. Kubadilisha faili la biti 8 liwe 16 baadaye pia nilijaribu. Faili likanenepa, mabaka yakabaki.

Kuhusu diski: fremu ya milimita 35 kwa dpi 4000 ni kama MB 64 kwa biti 8, na 128 kwa biti 16. Diski nyingine utanunua. Mimi negativu nilizirudisha kwa shangazi, unyevu ukaziingia zikagandana, na sasa harusi ile imebaki kwenye zile JPEG tu.

Kwenye menyu ya skana chagua biti 48, yaani 16 mara rangi tatu. Ukiona 24, hiyo ndiyo biti 8. Hifadhi TIFF, aina ya faili inayobeba biti 16. JPEG za kuwatumia ndugu utazitoa mwishoni. Leo usiku skani fremu moja yenye anga kwa njia zote mbili, zigeuze, uweke histogramu zake hapa tuzione kabla hujagusa ya pili.