Canter ya dizeli kusoma kompresheni 250 ikaitwa imechoka wakati petroli 170 ni nzima, iko hivi

Mkuu umeuliza inakuwaje Noah yako ya petroli imepimwa kompresheni, yani presha pistoni inapobana ndani ya silinda, ikasoma psi 170 fundi akasema safi, halafu Canter ya dizeli ya shemeji yako ikasoma 250 fundi huyohuyo akasema injini imechoka. Fundi yuko sahihi. Mimi napiga spana za malori ya korosho huku Masasi, hii kitu naiona kila msimu.

Petroli za kawaida mafuta yanaingia kwenye silinda yakiwa yameshachanganyika na hewa, pistoni inabana mara 9 mpaka 11 hivi, plagi inapiga cheche basi. Ukibana zaidi mchanganyiko unajilipukia wenyewe kabla ya muda, ndo ule mlio wa kugongagonga. Dizeli haina cheche, inavuta hewa tupu inaibana mara 15 mpaka 22 huko, hewa inapata moto zaidi ya nyuzi 500, ndo nozeli inapuliza mafuta yanawaka yenyewe. Yani kompresheni ndo plagi yake.

Sasa Canter nzima nikipima inasoma 370 mpaka 400, ikishuka chini ya 280 joto halifiki. Na hii ndo inachanganya watu, maana mchana Mtwara mjini na lile jua inawaka fresh tu, kailaze Newala kule juu kwenye ukungu uone, alfajiri unapiga stata mpaka betri inachoka, bomba linatoa moshi mweupe unaonuka dizeli mbichi unachoma macho, kila mtu anakwambia badili hita plagi, zile za kupasha silinda moto wakati wa kuwasha. Umebadili zote na moshi bado? Basi hewa inavujia kwenye ringi za pistoni, valvu au gasketi ya silinda hedi.

Ila kabla hamjafungua injini pimeni tena na betri iliyojaa, stata ikizungusha kivivu hata injini nzima inasoma chini. Na muulize fundi geji yake ni ya dizeli? Za petroli nyingi zinaishia 300.

Halafu mwambie shemeji aache kupuliza ile spray ya kuwashia kwenye njia ya hewa, kwa injini yenye hita plagi inalipuka pistoni ikiwa bado inapanda, nimeshatoa pistoni zilizopasuka sababu hiyohiyo.