Kwa nini Pacific Rim iliwagawa watazamaji

Ndugu yangu, umeuliza kwa nini filamu ya Pacific Rim ya mwaka 2013, ya roboti kubwa zinazopigana na madubwana ya baharini, inasifiwa na kubezwa kwa wakati mmoja. Wanaoibeza wana hoja, kwa sababu wahusika wake hawana kina na mazungumzo yao hutabirika. Hata hivyo, mwongozaji wake, Guillermo del Toro, alitumia takriban dola milioni 190 kutuonesha uzito wa chuma cha roboti hizo, na hapo ndipo wengi walipotekwa. Katika kibanda umiza kimoja hapa Ujiji, roboti ilipoburuta meli barabarani na kuigeuza rungu la kumtwangia dubwana la baharini, watu walipanda juu ya mabenchi wakishangilia, hata mtafsiri akanyamaza kwa kuwa hakuna aliyemsikia tena. Binafsi ningependa tuoneshwe zaidi jinsi marubani wawili wanavyounganishwa akili ili kuiendesha mashine moja, kuliko yale mapigano ya usiku wenye mvua, ambayo kwenye runinga yetu ndogo yalikuwa giza tupu. Wamarekani hawakuichangamkia sana. China ndiyo iliyoibeba, kwani mapato ya huko yaliyazidi ya Marekani.