Mtoto hajawahi kunywa dawa hiyo, usugu kautoa wapi?

SWALI: Shikamoo mama. Binti yangu wa miaka minne alishikwa na homa, akawa analia kila akikojoa. Mkojo ukaoteshwa, majibu yakarudi kuwa ni bakteria wa E. coli. Kwenye karatasi, ampisilini na septrini zimewekewa herufi R, na daktari akasema hizo hazitamsaidia. Alipewa dawa nyingine, alhamdulillahi kapona. Kinachonitatiza ni kwamba mtoto huyu tangu azaliwe hajapewa ampisilini wala septrini. Kijana wa duka la dawa ananiambia eti bakteria wanapeana usugu. Ni kweli, au alitaka tu kunituliza? Halafu nafuga kuku wa mayai nyuma ya nyumba, na wakianza kukoroma nawatilia antibaiotiki ya OTC kwenye maji. Nao wamo?
Mama Wawili, Tanga

JIBU: Marahaba mwanangu. Kijana amesema kweli. Ningefurahi zaidi kama ukweli huohuo ungemzuia kuuza antibaiotiki kwa kila anayekuja bila cheti cha daktari, lakini hayo tuyaache.

Aliye sugu si mwanao, ni bakteria. Kila wiki nasikia watu kwenye benchi la kusubiri la maabara yetu wakisema "mwili wangu umeshaizoea sipro". Mwili haukuzoea kitu. Binti yako alipata E. coli waliofika kwake na usugu wao tayari mkononi. Bakteria hawa wanaishi kwenye utumbo wa kila mtu, wako wako na wangu wangu, na wengi wao hawana neno. Tunawapata kwa mama zetu tunapozaliwa, kisha kwa mikono, maji na chakula. Kwa watoto wa kike safari kutoka njia ya haja kubwa hadi njia ya mkojo ni fupi, ndiyo maana UTI inawaandama zaidi.

Sasa, wao waliupata wapi? Bakteria ana kromosomu yake kubwa yenye maelekezo yote ya kuishi. Wengi wana pia viduara vidogo vya DNA vilivyo pembeni, vinavyoitwa plasmidi. Plasmidi inaweza kubeba jeni la kutengeneza kimeng'enya kinachovunja ampisilini, na mara nyingi ina majeni ya kuhimili dawa nyingine mbili tatu juu yake. Zipo plasmidi ambazo zina pia majeni ya kujisafirisha zenyewe. Bakteria mwenye plasmidi ya aina hiyo huchomoza uzi mwembamba, ukamgusa mwenzake, ukajikunja na kumvuta karibu hadi wakagusana. Hapo uzi mmoja kati ya nyuzi mbili za ile DNA unavuka kwenda kwa jirani, na kila upande unajitengenezea uzi wa pili uliokosekana. Ni kama kutoa fotokopi: aliyetoa anabaki na yake, aliyepewa ana kamili, na kuanzia dakika hiyo naye anaweza kumpa mwingine. Wala si lazima wawe wa jamii moja. E. coli anaweza kumpa Klebsiella, au Salmonella, au Shigella wa kuhara damu.

Wanafunzi wanaokuja kwetu kwa mafunzo ya vitendo huwa hawaamini mpaka waone kwa macho, kwa hiyo nawaonyesha. Tunachukua E. coli wa aina mbili. Wa kwanza ana plasmidi ya kuhimili ampisilini. Wa pili hana plasmidi, lakini anahimili dawa nyingine, asidi ya nalidiksiki, kwa sababu ya badiliko lililo kwenye kromosomu yake. Kila mmoja tunampaka peke yake kwenye sahani ya agari, ile jeli ya kuoteshea bakteria, yenye dawa zote mbili. Kesho yake sahani hizo zinatoka kwenye inkubeta zikiwa tupu, waweza kuzisomea gazeti chini yake. Lakini wale tuliowachanganya kwenye mrija mmoja, tukawaacha saa moja tu kwenye nyuzi joto 37 kabla ya kuwapaka, sahani yao inarudi na vidoa vya rangi ya krimu, kila kimoja kama kichwa cha pini, na ile harufu nzito ya E. coli. Kila kidoa ni ukoo wa bakteria mmoja aliyekuwa na usugu wa dawa moja, akapewa wa pili. Kuna mwanafunzi mmoja aliniuliza kama hatukuchafua sahani. Swali zuri sana. Ndiyo maana zile sahani mbili tupu huwa sizitupi mpaka kila mtu azione.

Wazo hilo la kuchanganya aina mbili ambazo kila moja peke yake haiwezi kuota si langu. Mwaka 1946 Joshua Lederberg, kijana wa miaka 21, pamoja na Edward Tatum wa Chuo Kikuu cha Yale kule Marekani, walichanganya E. coli ambao kila upande ulikuwa hauwezi kujitengenezea virutubisho fulani. Wakatokea wachache walioweza kujitengenezea vyote. Hadi wakati huo wengi waliamini bakteria hugawanyika tu, mmoja anakuwa wawili, basi. Muda si mrefu, huko Paris, François Jacob na Élie Wollman walikuwa wanawaacha bakteria wapeane DNA, kisha kila baada ya dakika kadhaa wanawatenganisha kwa nguvu kwenye blenda ya jikoni, ili wajue jeni gani limeshavuka na lipi bado. Kromosomu nzima ya E. coli huhitaji kama dakika 100 kuvuka, na aghalabu bakteria hutengana kabla haijaisha. Plasmidi ni ndogo, dakika chache zinaitosha. Mimi kila nikiwasha blenda ya juisi nawakumbuka mabwana wale.

Kisa kinacholijibu swali lako hasa kilitokea Japani. Baada ya Vita vya Pili vya Dunia kuhara damu kulikuwa kwingi, na Shigella akatibiwa kwa dawa za salfa, kisha streptomaisini, kloramfenikoli na tetrasaikilini. Ilipofika katikati ya miaka ya 1950 wakaanza kuonekana Shigella wanaohimili zote nne kwa mpigo. Madaktari walitatizika kama wewe, maana kama usugu ungekuja kwa mabadiliko ya bahati, dawa moja baada ya nyingine, isingekuwa rahisi kupata zote nne pamoja. Kisha wakaona jambo jingine: mgonjwa mmoja, katika ugonjwa uleule, anatoa Shigella wanaokufa kwa dawa na Shigella wasiokufa. Na walipopima E. coli wa utumbo wa wagonjwa hao, wakawakuta nao wanahimili dawa zilezile nne. Mwaka 1959 makundi ya watafiti wa Kijapani, la Ochiai na la Akiba, yalionyesha kwamba usugu huo wote unahama kwa pamoja kati ya E. coli na Shigella wakigusana.

Kwa hiyo binti yako hakuhitaji kuinywa ampisilini. Ilitosha kuwa mtu fulani, au mnyama fulani, mahali fulani, aliinywa, wakabaki hai bakteria wenye plasmidi, wakagawa fotokopi, na mmoja wao akafika tumboni kwake. Inawezekana plasmidi hiyo imeshapita kwa bakteria wengi wasiomdhuru mtu yeyote.

Kuku je? Siwezi kukwambia E. coli wa mtoto wametoka bandani, karatasi ya majibu haisemi hayo na mimi sitabahatisha. Ila OTC ni tetrasaikilini, na jeni la kuihimili mara nyingi linakaa kwenye plasmidi moja na majeni ya kuhimili ampisilini na septrini. Ukiwapa kuku OTC unawaua bakteria wasio na plasmidi hiyo na kuwaachia nafasi walio nayo, na majeni yale mengine yanalindwa bure, ingawa ampisilini hujaigusa. Nchini China antibaiotiki iitwayo kolistini ilikuwa inatiwa kwenye chakula cha nguruwe ili wanenepe. Mwaka 2015 watafiti wakatangaza wamepata jeni la kuihimili, mcr-1, likiwa kwenye plasmidi, kwa nguruwe, kwenye nyama ya dukani na kwa wagonjwa hospitalini. Na kolistini ni katika zile dawa tunazoweka akiba mpaka nyingine zote zishindwe.

Kuku akikoroma, muite bwana mifugo kabla ya kufungua pakiti. Huenda chanzo ni virusi, na OTC haigusi virusi. Siku za kutokula mayai baada ya dawa zifuate kama zilivyoandikwa. Ukitoka bandani nawa kwa sabuni kabla ya kumshika mtoto, na mfundishe binti kujifuta kutoka mbele kwenda nyuma. Ile karatasi ya majibu itunze. UTI ikirudi, mwonyeshe daktari, lakini mkojo uoteshwe upya.

SWALI: Nimesoma kuwa bakteria hupeana usugu. Mgonjwa wa TB sugu akilala wodi moja na mwenye TB ya kawaida, bakteria wao watapeana?
Msomaji, Kisumu

JIBU: Hapana. Bakteria wa TB hana mchezo huo wa plasmidi. Usugu wake unatokana na makosa madogo wakati wa kunakili DNA yake mwenyewe, na dawa ikikatizwa katikati wale wenye kosa lenye faida ndio wanaobaki. Mashine ya GeneXpert inatafuta makosa ya namna hiyo katika kipande kifupi cha jeni moja ili kujua kama rifampisini, dawa kuu ya TB, itafanya kazi. Lakini wodi moja bado ni hatari: mwenye TB ya kawaida anaweza kuvuta hewa yenye TB sugu yenyewe.

SWALI: Mwalimu wa baolojia alituambia sumu ya kipindupindu inatoka kwa virusi. Mimi najua kipindupindu ni bakteria. Nani mkweli?
Mwanafunzi, Pemba

JIBU: Nyote wawili. Vibrio cholerae ni bakteria, lakini majeni ya sumu inayomwaga maji ya mwili aliletewa na virusi vinavyoshambulia bakteria, vikajipachika kwenye kromosomu yake. Waldor na Mekalanos walilionyesha hilo mwaka 1996. Hiyo ni njia nyingine ya kuhamisha majeni, tofauti na ya kugusana. Ipo na ya tatu, kuokota DNA iliyomwagika, na wewe wa Pemba utaipenda. Vibrio hukaa baharini juu ya magamba ya kaa na ya vijidudu jamaa wa kamba. Akikanyaga gamba hilo, kemikali yake inamwamsha, anaanza kuvuta DNA iliyo majini na kuiingiza ndani. Watafiti wa Stanford walilitangaza hilo mwaka 2005. Hapo pia ana mkuki wa kuwachoma bakteria jirani wakapasuka, kisha anaokota majeni yao.

Mwaka 1992, pande za Ghuba ya Bengal, alitokea Vibrio mwenye koti jipya, yaani tabaka lake la nje, lililopewa jina O139, lililotokana na majeni yaliyotoka kwa bakteria wengine. Hata watu wazima ambao kinga zao zilikuwa zinalijua koti la zamani waliugua. Matibabu hayakubadilika: ORS mapema, kwa kipimo kilichoandikwa kwenye pakiti, na kukimbilia kituo cha afya.