Barua kwa Mwanangu Kuhusu Mbwa wa Iyumbu

Kongwa

Mwanangu mpendwa,

Marahaba. Ujumbe wako nimeupata, na picha ya yule mtoto wa mbwa aina ya Rottweiler nimeikuza kwenye simu mpaka nikayaona yale madoa mawili ya hudhurungi juu ya macho yake. Umeniuliza, kwa kuwa nilikuwa muuguzi kwa miaka thelathini na moja, kama mbwa wa aina hiyo anaweza kufugwa salama katika nyumba yenye mtoto wa miaka mitatu. Umeeleza pia kwamba mkeo amekataa katakata, kwamba fundi aliyewajengea uzio anasema nyumba ya Iyumbu isiyo na mbwa mkali ni sawa na kuwakabidhi wezi funguo, na kwamba jirani yenu alhaji ameomba kwa upole mbwa asifike kwenye bomba mnalochangia. Nimekaa na swali lako siku nne. Kila nikianza kulijibu najikuta nimesimama kwenye geti letu la zamani, basi acha nianzie huko.

Simba unamkumbuka. Mwaka 1997 ulikuwa na miaka minane, na marehemu baba yako alikuwa amempata kwa mfanyakazi mwenzake aliyehamishwa, akamleta amemfunga kamba nyuma ya pikapu, mbwa jamii ya German Shepherd, masikio wima, kifua kipana kuliko cha mbwa yeyote aliyeonekana mtaani kwetu. Unachokumbuka wewe ni manyoya yake na jinsi alivyokusindikiza uani usiku. Mimi nakumbuka duara. Mnyororo wake ulikuwa wa hatua nne, na chini ya ule mwarobaini ardhi ilikuwa imesuguliwa na nyayo zake mpaka ikang'aa kama sakafu ya udongo iliyosiribwa, bila jani wala kokoto. Mchana kutwa alikuwa humo. Watoto wa shule wakipita nje ya uzio wa minyaa walimrushia mawe ili wamsikie akibweka, na baba yako aliwaacha, kwa sababu aliamini kwamba mbwa anayecheka na watu ni mgeni wa kulishwa bure. Saa nne usiku alifunguliwa, saa kumi na mbili asubuhi alifungwa. Hayo ndiyo yalikuwa malezi yake yote, na mimi niliyeyaona kila siku sikuyakemea.

Asubuhi ile ya mwezi wa pili nilikuwa natoka zamu ya usiku. Tulikuwa tumezalisha akina mama watatu, na mtoto mmoja hakuishi. Nilipofungua geti Simba alikuja kuninusa mikono, nikajua kwamba baba yako amepitiwa na usingizi na hajamfunga. Ningeweza kumfunga mwenyewe; mti ulikuwa hatua ishirini kutoka niliposimama. Nikajiambia kwamba baba yako atakuja kumfunga. Nikalirudisha geti kwa kisigino, nikalisikia likigonga nguzo, wala sikugeuka kuangalia kama komeo limeingia.

Nilikuwa nimebandika maji ya chai niliposikia ukelele mmoja, mfupi. Yule binti aliyetuletea maziwa alikuwa amelisukuma geti kama alivyozoea kila asubuhi baada ya Simba kufungwa. Alikuwa na miaka kumi na moja. Kidumu chake kilikuwa kimelala ubavu, maziwa yakinywewa na mchanga, na Simba alikuwa amemshika shavu la mguu. Nilipomwita jina alimwachia palepale na kuweka masikio chini. Nilimkalisha binti kwenye kizingiti cha jiko, nikachukua mche wa sabuni, nikamwaga maji kata kwa kata huku nikiitazama saa yangu ya kazini iliyoning'inia kifuani, dakika kumi na tano kamili, kama tulivyofundishwa, maana hayo ndiyo matibabu ya kwanza ya mtu aliyeng'atwa na mbwa na hakuna hospitali inayoweza kuyarudia baadaye kwa manufaa yaleyale. Povu lilikuwa linatoka la waridi, kisha jeupe, kisha la waridi tena. Hakulia. Alikuwa akiniuliza maziwa atayalipa nani.

Kabla ya saa tatu Simba alikuwa ameuawa kwa marungu, akiwa amefungwa kwenye mti wake. Waliompiga walidhani wanamtendea haki yule mtoto, na kumbe walimwongezea sindano. Mbwa aliyemng'ata mtu hufungiwa na kuangaliwa kwa siku kumi. Akizimaliza akiwa hai na mzima, basi hakuwa na kichaa cha mbwa cha kuambukiza siku aliyong'ata, na aliyeng'atwa aliyekwisha kuanza chanjo anaweza kusamehewa zilizobaki. Kadi ya chanjo ya Simba ilikuwa imepitwa na muda kwa miezi mitano. Mbwa mwenyewe alikwisha kufa, tukakosa wa kumwangalia. Baba yako alisafiri hadi Dodoma mjini kutafuta chanjo, na binti akachomwa zote tano, za mwisho mbili siku ya kumi na nne na ya ishirini na nane, ambazo huenda angesamehewa. Kidonda tulikiacha wazi, kwa kuwa kidonda cha mbwa hakiharakishwi kushonwa, na nilikisafisha mimi mwenyewe kila jioni kwa majuma sita.

Sasa nifike kwenye jambo ambalo sijawahi kuliandika. Mama yake aliniuliza geti lilikuwaje. Nikiwa bado nimevaa sare nyeupe nilimjibu kwamba Simba alilisukuma mwenyewe, kwamba hawa mbwa wa kizungu wana nguvu na ndivyo walivyo. Akaitikia. Mtaa mzima ukaitikia, na kuanzia siku hiyo ikawa habari ya aina ya mbwa. Mmenisikia miaka yote, wewe na dada yako, nikisema kwamba mbwa hajifungulii geti, mkadhani ni msemo nilioupenda tu. Nilikuwa nikimjibu yule mama, kwa kuchelewa, na mbele ya watu wasiohusika.

Ndiyo maana unaponiuliza juu ya aina, moyo wangu hukimbilia upande mmoja upesi mno, nami inanibidi niurudishe. Dada yako, tangu aliposoma udaktari wa mifugo kule SUA, Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, ananiletea hoja zinazonipendeza. Alinieleza utafiti wa Marekani uliotoka mwaka 2022, uliohusu mbwa zaidi ya 18,000, ambao ulionyesha kwamba aina ya mbwa inaeleza takriban asilimia 9 tu ya tofauti za tabia baina ya mbwa mmoja mmoja. Alinikumbusha kwamba Rottweiler amepata jina kutoka mji wa Rottweil huko Ujerumani, ambako alisaidia kuswaga ng'ombe na kukokota mikokoteni ya wauza nyama, na kwamba German Shepherd, kama jina lenyewe linavyosema, ni mbwa wa mchungaji, aliyeanza kuzalishwa kwa utaratibu mwaka 1899. Kwa hiyo hawa wanaoitwa wakali walikuwa na kazi isiyo mbali na ya mbwa wanaofuata mifugo huku Ugogoni, ambao hatuwaandikii ubao wa hatari.

Lakini mkeo naye amekutumia habari za Uingereza, na hazipaswi kupuuzwa. Wenzetu wale waliharamisha aina nne mwaka 1991, yaani Pit Bull Terrier, Tosa ya Kijapani, Dogo Argentino na Fila Brasileiro, na tangu tarehe 1 Februari 2024 ni kosa katika England na Wales kummiliki mbwa mkubwa aitwaye XL Bully bila cheti cha msamaha. Rottweiler hamo katika orodha hiyo, nawe uliniandikia hilo kana kwamba limemaliza ubishi. Halijaumaliza. Uholanzi nayo iliwapiga marufuku Pit Bull mwaka 1993, kisha ikaifuta amri hiyo baada ya kuona kwamba watu hawakupungua kung'atwa. Hilo nalo dada yako amelishika kama ushindi, na nalo halijaumaliza.

Nakwambia nilichokiona katika chumba cha kufungia vidonda. Wengi niliowaosha walikuwa wameng'atwa na mbwa wetu wa kienyeji, kwa sababu ndio walio wengi, na kwa sababu huzurura bila mwenyewe wala chanjo. Ukihesabu vichwa, koko ndiye mkosaji. Hata hivyo kidonda cha mguu wa yule binti hakikuwa na mfano kati ya vyote hivyo. Dume la Rottweiler hufika kilo 50 na kupita, na mbwa wa kienyeji niliowazoea hawafikii nusu ya uzito huo. Makosa yaleyale ya mwenye mbwa, yakipitia katika taya la namna hiyo, hutoka yakiwa makubwa zaidi. Nikisema kwamba kosa ni la geti, nasema kweli. Nikisema kwamba koko angepita katika geti lilelile na kuacha alama ya meno manne tu, hapo pia nasema kweli, na kweli hizi mbili hukaa ndani yangu bila kusalimiana. Mbwa hajifungulii geti, lakini geti likiisha kuachwa wazi si mbwa wote wanaotoka na uzito mmoja.

Jirani yenu alhaji msimhesabu kuwa adui wa mbwa. Dini yake inaruhusu mbwa wa kulinda, wa mifugo na wa kuwinda. Kinachomsumbua ni mate, kwa kuwa chombo kilicholambwa na mbwa kwao huoshwa mara saba, moja kwa udongo, na ndoo zinazopangwa pale bombani ni za watu wanaokwenda kutawadha. Kabla hujamleta mbwa yeyote, mkubwa au mdogo, nenda kwake na kofia mkononi mkubaliane. Haki hiyo ni yake hata kama mbwa wako ni mpole kama kondoo. Fundi mwache, yeye halali hapo.

Mkeo ananigusa zaidi. Umeandika kwamba anaogopa tu. Alikua kwenye nyumba ambayo mbwa hakuwahi kuingia, na sasa unamtaka ashinde peke yake na mnyama ambaye wewe ndiye utakayemjua, ilhali wewe unaondoka saa kumi na moja na nusu alfajiri kuelekea kazini Mtumba na kurudi giza limeingia. Mchana ni nani atakayemtembeza? Ni nani atakayemzoesha kwa wageni angali mdogo, kipindi ambacho mbwa hujifunza kwamba mtu si jiwe linalorushwa? Kama jibu ni mnyororo na mti, basi hiyo ni Simba nyingine, na ndipo ninapokaribia kukukataza kabisa. Kalamu inanivuta niandike neno hilo. Siliandiki, kwa sababu nyumba ni yenu wawili, na kwa sababu nililitoa neno la mwisho juu ya mbwa mara moja maishani na halikuwa la kweli.

Yule binti nilikutana naye mwaka jana katika soko la mahindi la Kibaigwa. Ana watoto watatu. Aliniamkia, akaniuliza habari zako, na alipoinama kufunga gunia nililiona kovu chini ya goti, limepauka na kuvutika kadiri mguu ulivyokua. Nilitaka kumwambia habari ya komeo pale pale. Kulikuwa na wapagazi wanaopita katikati yetu, nikasema nitamtafuta. Bado sijamtafuta. Mwezi huu mahindi yakianza kuingia nitakwenda, na safari hii nitamwambia.

Wewe nitumie picha nyingine, si ya mbwa. Piga geti lenu kwa ndani, nilione vizuri. Nataka kujua komeo liko kimo gani, kama mjukuu wangu analifikia, na kama geti likiachiwa linajifunga lenyewe au linasubiri mtu akumbuke.

Mama yako