Taa ya dari imeongezwa nguvu, macho bado yauma

SWALI: Shikamoo fundi. Chumba chetu hapa Tudor, Mombasa, ni futi 10 kwa 12. Ndicho cha kulala na ndicho ofisi yangu. Nanukuu mikutano ya wateja walio Marekani, kwa hivyo kazi yangu huanza saa tatu usiku. Nilitoa balbu ya wati 9 nikatia ya 18, nyeupe pepe, lakini macho na kichwa bado vyaniuma. Mume wangu naye hapati usingizi, hadi nikaanza kuifunika taa kwa leso. Je, niongeze balbu ya pili?

JIBU: Marahaba mwanangu. Kwanza kabisa, leso itoe leo hii. Balbu ya LED ina saketi ndogo shingoni ambayo hupumulia hewani. Ukiifunika inajichoma taratibu hadi ife. Na siku mtakayotia balbu ya kizamani, ile ya waya, leso hiyo itashika moto mkiwa mmelala.

Balbu ya pili usinunue. Hiyo ya wati 18 hutoa lumeni (kipimo cha mwanga wote unaotoka kwenye balbu) kama 1,600, na chumba chako ni mita mraba 11 hivi. Hata mwanga wote ungefika chini bila kupotea kwenye kuta, ungepata laksi 145 tu, yaani lumeni 145 kwa kila mita mraba, ilhali meza ya kuandikia ofisini hukadiriwa laksi 500. Taa ya mezani ya lumeni 500, wati 5 au 6, ikiinama nusu mita juu ya daftari, inakufikisha hapo. Siri ni umbali: ukizidi mara mbili, mwanga hubaki robo. Iweke upande usio wa mkono unaoandikia, la sivyo utakuwa unaandika juu ya kivuli chako. Mdomo wa kifuniko chake uelekee ukutani, si kitandani.

Sasa feni. Hukuitaja, lakini ni nadra kuingia chumba cha Mombasa nisiikute katikati ya dari, na taa imebandikwa juu ya mapanga yake. Feni ya mapanga matatu ikizunguka mara 200 kwa dakika huukata mwanga mara 10 kila sekunde. Niliwahi kuitwa Kizingo na mhasibu aliyekwisha kubadilisha miwani mara mbili. Nilizima feni tu, nikamwambia atazame karatasi yake. Alinyamaza kidogo, kisha akauliza mbona hakuna aliyemwambia. Basi keti mezani kwako, weka karatasi nyeupe, washa feni. Ukiona kivuli kinapepesa, taa ihamishwe ukutani, au ishushwe chini ya usawa wa mapanga. Hilo si la kubahatisha: mtafute fundi mwenye leseni ya EPRA, mamlaka inayosimamia kawi na petroli nchini, na umwambie aziangalie holda pia, kwa kuwa hewa yetu ya chumvi huzila shaba zikawa kijani.

Huenda balbu yenyewe nayo inapepesa. Zile za bei ya chini hufuata mapigo ya stima, mara 100 kwa sekunde. Jicho halioni, kichwa ndicho hulipa. Ielekezee kamera ya simu. Mistari myeusi ikitembea kwenye kioo, irudishe dukani.

Rangi nayo ina kazi yake. Nyeupe pepe, inayoandikwa 6500K kwenye boksi (namba ikishuka, mwanga huwa wa manjano zaidi), huuambia mwili kuwa bado ni mchana, na hapo ndipo usingizi wa mumeo hupotea. Mezani tia ya 4000K. Nyuma ya kompyuta, mwanga ukipiga ukuta, tia kijitaa cha 2700K, ile ya manjano, ili kioo kisiwe kitu pekee kinachong'aa gizani. Ya dari izime ukianza kazi.

Mchana sina mengi: meza ikae ubavu kwa dirisha, usilielekezee uso wala mgongo.

Stima usiihofie. Wati 6 kwa saa 5 kila usiku, uniti moja ya tokeni inakwenda zaidi ya mwezi. Ila ukienda kununua balbu, chukua ile ya zamani mkononi. Holda zetu nyingi za dari ni za pini mbili, za taa za mezani mara nyingi huwa za kuzungusha, na mwenye duka hatakuuliza.