Inchi 63 ni viganja 15.3, si 15.75

Ndugu, umeuliza kwa nini farasi wa inchi 63 kaandikwa 15.3 kwenye tangazo la Uingereza, wakati kikokotoo chako kinatoa 15.75. Kiganja ni kipimo cha kimo cha farasi, na kimoja ni inchi 4. Gawanya 63 kwa 4: unapata viganja 15, zinabaki inchi 3. Hizo 3 ndizo zinazoandikwa baada ya nukta, si desimali kabisa. Ndiyo maana inchi 64 haiandikwi 15.4 bali 16.0.

Kurudi kwenye inchi, 14.2 ni 14 mara 4, jumlisha 2, yaani 58. Hapo ndipo kwa kawaida kimo cha poni, yaani farasi wadogo, huishia.

Halafu tafadhali usipime hadi kichwani! Farasi asimame pale palipo tambarare, upime kutoka ardhini hadi juu ya mabega, shingo inapokutana na mgongo.